Lupu Hainyooshi Shingo, Dokta

Jumanne asubuhi, kwenye chumba cha vichwa vya bandia vya mazoezi ya udaktari wa meno, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anachonga kaviti ya klasi ya pili (tundu la ubavuni mwa jino, la kuzibwa) kwenye jino la 36, gego la kwanza la chini kushoto. Lupu mpya (ile miwani yenye darubini mbili ndogo za kukuzia meno), boksi bado liko juu ya meza, na mwenyewe kajikunja mpaka kidevu kinagusa kifungo cha juu cha koti. Nikamgusa bega. "Dokta, hiyo shingo vipi?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Haina shida, Mwalimu, nimevaa lupu."

Nimevaa lupu! Kama vile mtu anavyosema nimechanja. Sentensi hiyo naisikia kila mwaka, kutoka kwa wanafunzi, kutoka kwa maintani (madaktari wa mafunzo kazini), na wiki mbili zilizopita kutoka kwa daktari mwenzangu mwenye miaka kumi kazini, anayekunywa dawa za maumivu ya shingo huku lupu yake inaning'inia kifuani. Basi leo nimeamua kuiandika, ili siku nyingine nimtumie mtu aisome badala ya kubishana naye mbele ya mgonjwa.

Lupu haijui mkao mzuri ni upi. Inajua vitu viwili tu: umbali na pembe. Lenzi zake zimetengenezwa zionyeshe picha kali kwenye ukanda mwembamba mbele ya macho yako. Ukisogea nje ya ukanda huo, jino linakuwa ukungu. Maana yake ni kwamba lupu inakufunga mahali. Kama imepimwa ukiwa umekaa wima, kila ukianza kuinama picha inaharibika na unarudi juu mwenyewe, na hapo kweli inakusaidia. Lakini kama imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeinama, itakuinamisha saa tatu nzima za kliniki, na haitakuruhusu kunyooka hata ukitaka, kwa sababu ukinyooka huoni. Bila lupu, angalau unaweza kubadilisha mkao pale shingo inapolalamika.

Kijana wangu wa Jumanne ni mrefu, futi sita na ushee. Nilimwambia aweke hendipisi (mashine ya mkononi ya kuchongea meno) chini, akae vizuri, mikono ya juu karibu na mbavu, mdomo wa kile kichwa cha mazoezi ukiwa usawa wa viwiko vyake. Mimi mfukoni huwa natembea na futi ya fundi cherehani (wananicheka, wacha wacheke). Nikapima kutoka pembe ya jicho lake hadi kwenye jino: sentimita 47. Tukageuza boksi la lupu. Limeandikwa milimita 340. Yaani ili aone chochote, kichwa chake kilikuwa hakina budi kushuka sentimita 13. Nikamuuliza kwa nini alichagua 340. Kumbe muuzaji alimwambia hiyo ndiyo "saizi ya meno", ile ya 420 ni ya upasuaji mkubwa.

Hakuna saizi ya meno. Kuna saizi yako. Mtu mfupi anaweza kuhitaji sentimita 36, mrefu akahitaji 50, na wote wawili wanatibu gego lilelile. Na kipimo chenyewe usijipime peke yako, kwa sababu ukishika futi na kuangalia namba tayari umeinama. Mwombe mwenzako. Pimeni siku tatu tofauti, mara moja kwa meno ya chini, mara moja kwa ya juu, kisha chukueni wastani. Wawakilishi wa kampuni wanaokuja kupima nao muwe nao macho. Nimewahi kumwona mmoja akimpima binti akiwa amesimama kwenye korido, karatasi mkononi. Lupu ikaja baada ya wiki sita, imetengenezwa vizuri sana kwa mtu anayesoma gazeti amesimama kwenye korido.

Sasa pembe, ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza zaidi. Hizo darubini mbili ndogo zimeinamishwa kuelekea chini kwa nyuzi kadhaa. Chukulia mdomo wa mgonjwa uko mahali ambapo mstari wa jicho lako lazima ushuke nyuzi 60 chini ya usawa. Hizo nyuzi 60 lazima zitoke mahali. Kiwiliwili kikiinama kidogo mbele kutoka nyongani, tuseme 10. Zimebaki 50. Lupu yako ikikupa 20, shingo inalipa 30. Lupu ikikupa 35, shingo inalipa 15. Wataalamu wa mkao kazini huweka kikomo cha shingo kwenye nyuzi 20 hadi 25 hivi, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kulipa utaifanya kwa misuli.

Lupu za bawaba, zile unazoweza kuzinyanyua kama kofia ya welda, kwa kawaida huruhusu pembe kali zaidi kwa sababu darubini zinaning'inia mbele ya kioo na unaweza kuzigeuza. Zile zilizopachikwa ndani ya kioo ni nyepesi na nadhifu, lakini pembe yake inategemea fremu: darubini ikiwekwa chini kabisa ya kioo, pembe inaongezeka, kwa hiyo unahitaji kioo kirefu kwenda chini na fremu inayokaa juu usoni. Na hapa kuna jambo ambalo katalogi hazilisemi. Fremu nyingi zimebuniwa kwa pua yenye mgongo mrefu. Wengi wetu huku mgongo wa pua ni mfupi, fremu inateleza, inakaa juu ya mashavu, na kwa jasho la Dar mwezi wa pili inateleza zaidi. Ikishuka nusu sentimita tu, darubini hazikai tena mbele ya mboni, na wewe bila kujua unainua kidevu au unainamisha kichwa kulitafuta duara la picha. Dai fremu yenye vishikio vya pua vinavyorekebishika. Kama muuzaji hana, tafuta muuzaji mwingine. Na kamba ya nyuma ya kichwa uikaze, haikuwekwa kama pambo.

Nitaongeza moja ambalo linanitia hasira ya pekee: magego ya juu. Mwanafunzi akishapata lupu anaacha kioo cha mdomoni. Anataka aone kila kitu ana kwa ana, kwa hiyo anajipinda kama anatafuta sarafu chini ya kitanda. Laza kiti, inua kidevu cha mgonjwa, tumia kioo. Kufanya kazi kwa kioo chini ya lupu kunatesa mwezi wa kwanza, halafu mkono unazoea. Siku hizi kuna lupu za prizimu inayopinda mwanga, unaangalia mbele wima kama dereva wa basi huku mikono inafanya kazi chini. Ni nzuri, ni ghali, na kwa mtu ambaye bado hajajua kushika kioo ni kuruka darasa. Utazitaka baadaye.

Mengine nitayapitia haraka.

"Nikuchukulie ya mara sita, Dokta, si ndiyo nzuri zaidi?" Hapana. Ukuzaji unapopanda, uwanja wa kuona unapungua, kina cha picha kali kinapungua, mwanga unapungua na uzito unaongezeka. Kwa mara mbili na nusu unaona meno kadhaa na fizi zake. Kwa mara sita unabaki na eneo dogo tu, na kila mgonjwa akimeza mate umepotea. Anayeanza aanze na mara mbili na nusu hadi tatu, lenzi za Galileo (zile rahisi na nyepesi), basi. Ukishaanza kusaka mfereji wa nne wa mzizi kwenye gego la kwanza la juu, hapo tutaongea kuhusu prizimu za kukuzia (si zile za kuangalia mbele) na mara nne au tano, na baada ya hapo ni hadubini. Halafu hiyo namba ya kwenye boksi si lazima iwe ya kweli. Weka rula mbele yako kwenye umbali wa kazi, jicho moja lipite ndani ya lupu, jingine liangalie nje, uone milimita moja iliyokuzwa inafunika milimita ngapi za kawaida. Ukimaliza, angalia karatasi ya hesabu yenye miraba: mistari ya pembeni ikipinda au ikiota rangi za upinde wa mvua, rudisha.

"Zinaharibu macho, ukizizoea huwezi kufanya bila." Ukivua unaona vibaya kwa sababu sasa unajua kilichokuwepo. Jicho ni lilelile la jana. Kinacholeta kichwa kuuma na kuona mbilimbili ni umbali kati ya mboni kutowekwa sawa. Picha ya macho mawili lazima iwe duara moja safi. Ukiona maduara mawili yanayopishana au kivuli cheusi kama mwezi mwandamo pembeni, rekebisha, usivumilie eti utazoea. Na kama una miwani ya daktari wa macho, pima macho kwanza, ndipo uagize lupu. Nimeona watu wamefanya kinyume wakalipa mara mbili.

"Ni za wazee." Aliyeleta hoja hii alikuwa ameziba jino na kuacha makali yaliyochomoza nusu milimita chini ya fizi. Nilimvalisha yangu, akaangalia, akanyamaza.

Kwenye taa napo kuna ushindani wa ajabu wa nani ana lux (kipimo cha ukali wa mwanga) nyingi. Lux iliyoandikwa bila kutaja umbali haina maana, kwa sababu ukali wa mwanga hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na taa. Na taa kali mno inakurudia: enameli imelowa, kioo kinang'aa, jicho linabana mboni, ukitazama trei huoni bado. Mgonjwa naye ana macho, mpe miwani. Unachotaka kwenye taa ya kichwa ni ikae karibu kabisa na mstari wa macho yako, ili kivuli kijifiche nyuma ya kitu chenyewe. Taa ya kiti haiwezi hilo, kichwa chako kipo katikati ya njia. Doa la mwanga liangukie katikati ya uwanja wa lupu kwenye umbali wako wa kazi, lisiangukie puani kwa mgonjwa.

Ila tahadhari na kompositi, ile nyenzo ya kuzibia yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga. Taa nyeupe za LED kwa kawaida ni diodi ya bluu iliyofunikwa unga unaong'aa wa fosfa, na kompositi nyingi zina kamforokwinoni, kemikali ya kuanzisha kuganda, inayoamshwa na mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470. Unajua kinachofuata. Binti anachonga vilima vya gego taratibu, anajivunia, taa imewaka nguvu zote, na ghafla nyenzo inavutika kama ugali uliopoa. Shusha kichujio cha chungwa. Kama taa yako haina kichujio, zima wakati wa kuweka kompositi, na usiitumie kuchagua rangi ya jino pia. Zile taa za kichwani za dukani, za kuvulia na za kupandia mlima, zina ubluu mwingi na fizi nzuri inaonekana ya kijivu. Nakubali nimewahi kung'oa gego kwa moja ya hizo, umeme ulikatika na jenereta haikuwaka. Kwa kumalizia kung'oa zinatosha. Kwa kompositi ya jino la mbele, hapana. Taa nzuri yenye betri mbili, moja inachajiwa nyingine iko kiunoni, kwa nchi yetu si anasa.

Mwisho ni wale wa "nimerithi za kaka aliyemaliza." Kama ni za kupachikwa ndani ya kioo, zimetobolewa kwa mboni za kaka, umbali wa kaka na pua ya kaka. Mboni za watu wazima zinapishana kutoka kama milimita 54 hadi 74, na hapo hata milimita mbili tatu unazihisi. Mshukuru kaka, zirudishe kabatini. Za bawaba ni tofauti, umbali wa mboni na pembe vinarekebishika, kinachobaki ni urefu wa umbali wa kazi tu, nao unapimika kwa futi.

Ile lupu ya Jumanne ilikuwa ya bawaba. Alhamisi kijana kaipitisha darasani, tukawapima sita, mmoja akatoka sentimita 35 na nusu: dada mfupi wa benchi la nyuma, ambaye siku zote nilidhani anakaa vibaya kumbe stuli yake haishuki. Kijana anamuuzia yeye, wamekubaliana bei. Stuli bado haishuki, nimeandika barua.