Je, wajua kwa nini dinosaria wa michoro ya leo hawaburuti mikia?

Chukua kitabu cha dinosaria cha miaka ya 1950, ukiweke kando ya kilichochapishwa majuzi. Tofauti kubwa kuliko zote haiko kwenye rangi wala manyoya. Iko kwenye mkia. Katika kitabu cha zamani Tyrannosaurus rex amesimama wima, kifua kimeinuka, mkia umelala chini nyuma yake. Katika kipya, mgongo umelala sambamba na ardhi na mkia umenyooka hewani.

Wengi huamini kwamba ni mitindo tu: sinema zilitaka mnyama mwenye kasi, wachoraji wakafuata. Wengine huamini kwamba wachoraji wa zamani walijichorea walichotaka bila kuijali mifupa. Dhana zote mbili si sahihi, na hiyo ya pili inawaonea watu walioifanya kazi yao kwa makini sana.

Mwaka 1854, Benjamin Waterhouse Hawkins alitengeneza sanamu za dinosaria kwenye bustani ya Crystal Palace, London, akiongozwa na mwanasayansi Richard Owen. Iguanodon wao alikuwa mnyama mzito wa miguu minne mwenye pembe puani. Pembe ile baadaye ilitambuliwa kuwa ni mfupa wa kidole gumba, lakini kwa mifupa michache waliyokuwa nayo, ilikuwa tafsiri yenye mantiki. Kisha Marekani akapatikana Hadrosaurus, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1858, mwenye miguu ya mbele mifupi kuliko ya nyuma. Huyo alidhaniwa kuwa alisimama kwa miguu miwili. Mwaka 1868 Hawkins huyohuyo alikisimamisha kiunzi cha mifupa ya mnyama huyo huko Philadelphia, wima, mkia ukigusa chini.

Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, wakiwa zaidi ya mita 300 chini ya ardhi, walikuta viunzi vingi vya Iguanodon. Louis Dollo, aliyesimamia kuviunganisha, alihitaji mnyama aliye hai wa kumwongoza. Miongoni mwa aliowatumia alikuwamo mnyama wa jamii ya kangaruu. Hapo ndipo mkia ulipokuwa mguu wa tatu. Kiunzi cha Tyrannosaurus kilichowekwa kwenye makumbusho ya New York mwaka 1915 kilisimama vivyo hivyo, na mchoraji aliyetaka kuwa mkweli alikwenda makumbusho akachora alichokiona. Kwa hiyo picha zile hazikubuniwa ovyo. Zilinakiliwa kwa uaminifu kutoka kwenye mifupa iliyounganishwa kwa kumfuata mnyama asiyefaa.

Hata kumchagua kangaruu hakukuwa upuuzi. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kangaruu anapotembea polepole, mkia wake humsukuma mbele kama mguu kamili. Ila mkia wake hukunjika kwa urahisi karibu na nyonga. Wa Iguanodon haukuweza. Kano zilizopita kandokando ya uti wake wa mgongo zilikuwa zimegeuka mfupa na kuukaza. Mwanasayansi David Norman alipovichunguza upya viunzi vya Bernissart, katika kazi aliyoitoa mwaka 1980, alionyesha kwamba mkia usingeweza kukaa vile bila pingili zake kuachana.

Basi mkia ulifanya kazi gani? Mfikirie mtu aliyebeba mzega: mti begani, mzigo ukining'inia kila upande. Pande zikilingana, anatembea bila taabu. Upande mmoja ukiwa mwepesi, anausogeza mti ili upande huo uwe mrefu zaidi, na usawa unarudi. Kwa dinosaria wa miguu miwili, bega ni nyonga na mti ni uti wa mgongo. Mbele kuna tumbo, kifua, shingo na kichwa, na kwa Tyrannosaurus kichwa peke yake kina urefu unaozidi mita moja. Nyuma kuna mkia tu. Ni mwembamba kuliko kifua, kwa hiyo unalipa upungufu huo kwa urefu. Sasa uteremshe mkia hadi chini. Ardhi inaubeba, na mara hiyo unaacha kuuvuta upande wa nyuma. Mzigo wa mbele hauna tena wa kuulipa, na njia pekee ya mnyama kutoanguka kifudifudi ni kusimama wima, mkao ambao viungo vyake vinaukataa. Ukiuinua mkia, kila kitu kinakaa mahali pake na miguu inabaki huru kwa kukimbia.

Ushahidi mwingine uko kwenye nyayo. Mkia mzito unaoburutwa topeni ungechimba mfereji katikati ya nyayo, na mifereji hiyo ni nadra duniani kote. Mfano ni nyayo za dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu ambazo Roland Bird, mtafutaji wa mabaki ya dinosaria, alizikuta kwenye mto Paluxy, Texas, mwaka 1938. Hata hivyo mchoro mkubwa wa ukutani wa Rudolph Zallinger katika Chuo Kikuu cha Yale, wenye urefu wa zaidi ya mita 30 na uliokamilika mwaka 1947, bado ulikuwa na mikia iliyolala chini. Aliyebadilisha mambo ni dinosaria Deinonychus, aliyepatikana Montana, Marekani, mwaka 1964. Mwanasayansi John Ostrom alipomweleza mwaka 1969, mkia wake ulikuwa umekazwa kwa vijiti virefu vya mfupa, na mwanafunzi wake Robert Bakker alimchora akikimbia, mkia umenyooka nyuma. Makumbusho yalichelewa zaidi: kiunzi cha dinosaria Diplodocus kwenye makumbusho ya London kiliinuliwa mkia mwaka 1993 tu.

Hii si sheria ya kila dakika. Alama chache za mikia zipo, na mchoraji anayemlaza dinosaria apumzike, mkia chini, hajakosea.

Kinachobishaniwa leo ni umbo la mkia wenyewe. Msuli mkubwa ulitoka mkiani hadi kwenye mfupa wa paja na kuuvuta mguu nyuma, kama ilivyo kwa mamba hadi sasa. Mwaka 2011 wanasayansi Scott Persons na Philip Currie walionyesha kwamba msuli huo wa Tyrannosaurus ulikuwa umekadiriwa mdogo mno, kwa hiyo michoro mipya ina mashina manene ya mikia. Naye dinosaria Spinosaurus alibadilika ghafla mwaka 2020, mwanasayansi Nizar Ibrahim na wenzake walipotangaza mkia wake kutoka Moroko: mpana, bapa, unaofanana na kafi. Wachoraji wakamtumbukiza majini. Mwaka 2022 mwanasayansi mwingine, Paul Sereno, na wenzake wakajibu kwamba hakuwa mwogeleaji hodari, na tangu hapo anachorwa kwa namna mbili, akiogelea kilindini au akivua samaki kwenye maji ya kina kifupi.