Je, wajua kwa nini safari zikifutwa siku moja, kupata kiti kingine kunachukua siku kibao?

Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilipigwa mvua ambayo Falme za Kiarabu hawajawahi kuiona tangu waanze kuweka rekodi mwaka 1949, kule Khatm Al Shakla upande wa Al Ain zilipimwa milimita 254 na ushee hata saa 24 hazijaisha, eyapoti ikajaa maji na barabara za kwenda huko zikawa hazipitiki. Mvua yenyewe haikukaa. Lakini ndani ya siku tatu zilizofuata shirika la ndege la Emirates walifuta karibu safari 400, ratiba ikaja kurudi Jumamosi tarehe 20, na hata hiyo Jumamosi rais wa shirika, Tim Clark, aliandika barua ya wazi ya kuomba radhi akasema bado zinahitajika siku zaidi kuwamaliza abiria waliorundikana, pamoja na mizigo kama 30,000 iliyobaki nyuma. Na njia hiyo ni ya watu wetu kabisa, ukitoka Dar, Nairobi au Entebbe unaenda Guangzhou kufuata mzigo au unaenda kumuona ndugu London, Dubai ndo njiapanda.

Sasa mtu anajiuliza, mvua imekata, ndege zipo, marubani wapo, inakuwaje abiria anakaa siku nne anazungushwa kupewa safari nyingine?

Jibu kubwa ni viti, na hesabu yake ni rahisi ila inauma. Mashirika ya ndege hayarushi ndege tupu, mwaka 2024 kwa takwimu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wastani wa dunia nzima ndege zilikuwa zinajaa asilimia 83 na kidogo. Chukua ndege ya viti 350, ikiondoka na asilimia 83 hapo kuna watu kama 290 na viti 60 vitupu. Safari moja ikifutwa, hao 290 wanaenda kugawana viti 60 vya kesho, 60 vya keshokutwa, na kuendelea, yani karibu siku tano kumaliza watu wa ndege MOJA, tena kama hakuna mtu mpya anayenunua tiketi katikati. Zikifutwa mbili ni siku kumi. Na hiyo ni wastani tu, ikiwa Desemba watu wanarudi nyumbani kula sikukuu, au kipindi cha hija, vitupu vyenyewe vinaweza kuwa kumi au visiwepo kabisa.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Wanadhani waliokwama leo ndo wa kwanza kupanda kesho, afu wa kesho wasogezwe mbele. Haiko hivo! Mwenye tiketi ya kesho ana kiti chake kimeshathibitishwa, na kumshusha ili upande wewe ni kosa jingine ambalo sehemu kama Ulaya shirika linalilipia fidia. Kwa hiyo wa kesho wanaondoka kama kawaida na wewe uliyekwama unapewa kilichobaki. Foleni haianzi upya kwa sababu umeteseka zaidi, na ndo maana unaona ndege ya kwenda kwenu inaruka mbele ya macho yako mchana kweupe na wewe umebaki.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini Emirates walichukua hatua ambazo kwa mtu wa nje zilionekana za ajabu. Walisimamisha kucheki in abiria wanaoanzia safari Dubai, wakazuia kuuza tiketi kwa muda, afu wakazuia pia abiria wa kuunganisha wasiletwe Dubai kutoka vituo vingine. Lengo ni kuacha kuongeza watu kwenye rundo, viti vyote vinavyopatikana vimalize waliokwama kwanza. Walilaza watu kwenye vyumba vya hoteli zaidi ya 12,000 na kutoa vocha za chakula 250,000. Kwangu mimi ule uamuzi wa kuacha kuuza tiketi ndo ulikuwa wa maana kuliko vocha zote, na mashirika mengi hayapendi kuufanya kwa sababu ni hela inaondoka.

Sababu ya pili ni kwamba ndege ipo lakini haipo pale inapotakiwa, na rubani naye hivo hivo. Ndege ya kukutoa Nairobi asubuhi ni ile iliyotakiwa ifike usiku kutoka kwingine, kama ilipelekwa kutua mji mwingine basi safari yako imekufa hata kama Nairobi jua linawaka. Marubani na wahudumu wana kikomo cha saa za kazi kisheria, wakikaa ndani ya ndege wanasubiri ruhusa ya kuruka saa zinakatika, zikiisha hawaruki, atafutwe mwingine, na mwingine naye amekwama kwenye mafuriko. Dubai ilikuwa hivo, barabara zilizuia wafanyakazi kufika na hata vyakula vya kupakia kwenye ndege vilichelewa.

Mfano mbaya kuliko yote ninaoujua ni Southwest ya Marekani, Desemba 2022. Dhoruba ya baridi ilipiga mashirika yote, mengine yakajikusanya ndani ya siku chache, Southwest wakafuta safari karibu 16,900 na abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama kipindi cha Krismasi. Tatizo likawa mfumo wa kompyuta wa kupanga wafanyakazi, ulizidiwa ukawa haujui nani yuko wapi, marubani na wahudumu wenyewe wanapiga simu ofisini kusema jamani mimi niko Denver nipangieni kazi na wanasubiri kwenye laini masaa. Mwisho shirika likaamua kurusha kama theluthi tu ya ratiba yake kwa siku kadhaa ili wajipange upya. Serikali ya Marekani ikawatoza adhabu ya dola milioni 140 mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukisikia "mfumo unasumbua" usidhani ni kisingizio kila mara, saa zingine kweli hawajui ndege yao ina rubani au haina.

Tuje kwenye tiketi yako sasa, maana hapa ndo watu wanaumia bila kujua. Safari zikifutwa kwa wingi, wa kwanza kukupangia ni programu, hajakaa mtu kukufikiria. Programu inapanga watu kwa vigezo vya shirika, daraja la tiketi, uanachama, nani ana ndege ya kuunganisha, na inakutupia chochote kilichopatikana, unaweza kupewa safari ya siku sita mbele inayopita miji miwili wakati kesho kuna nafasi kupitia Addis Ababa au Doha ambayo programu haikuiangalia kwa sababu ni shirika lingine. Familia iliyokata tiketi kwa buking tofauti inatawanywa, mama leo, mtoto kesho, kwa sababu kwenye kompyuta hao hawajuani. Ukipewa safari mbovu unaruhusiwa kuikataa na kuomba nyingine, lile ni pendekezo tu.

Afu kuna buking na kuna tiketi, ni vitu viwili. Buking ni ile namba ya herufi na tarakimu sita. Tiketi ina tarakimu 13, tatu za mwanzo zinaonyesha shirika, Emirates ni 176, Kenya Airways 706, Ethiopian 071. Vyote viwili vinatakiwa vikubaliane. Kwenye vurugu buking inahamishwa kwenda safari mpya lakini tiketi inabaki imeshikilia safari iliyofutwa, hakuna aliyeitoa upya, unafika kaunta unaambiwa jina tunaliona ila tiketi hatuioni, na ndege inakuacha. Kwa hiyo meseji ya "umebadilishiwa safari" haitoshi, omba utumiwe tiketi yenyewe yenye tarehe mpya na namba mpya ya ndege, uisome kabla hujatoka nyumbani.

Ulikata kwa wakala? Shirika likikwambia rudi kwa wakala, na wakala anasema subiri shirika, usikae katikati. Kipindi kama hiki shirika linatoa kibali maalumu cha kubadilisha bila faini wala kuongeza nauli, kina tarehe ya mwisho, na wakala analetewa. Muulize wakala kwa jina hilo hilo, kibali cha kubadilisha bure kinaishia lini. Tarehe ikipita unaanza kulipia.

Mwenye kwenda na jibu mkononi ndo anatoka mapema. Mfanyakazi wa kaunta ana watu mia tatu mbele yake, ukimwambia "nisaidie" ataangalia kile kile ambacho programu imeangalia, ukimwambia "kesho saa kumi alfajiri kuna safari namba fulani inapita Addis, na mna makubaliano nao, niweke hapo" umemrahisishia kazi. Makubaliano ni muhimu, shirika linaweza kukuhamishia kwa mwenzake tu kama wana mkataba wa kupokeana abiria, na mashirika ya bei nafuu mengi hayana, hapo utasubiri ndege yao au urudishiwe hela. Fikiria pia eyapoti za jirani, Kilimanjaro au Zanzibar badala ya Dar, Abu Dhabi badala ya Dubai. Ukiwa kwenye foleni shika na simu pia, apu ya shirika mkono huu, na huku unapiga ofisi yao ya nchi nyingine ambako sasa hivi hakuna msiba, wanaona kompyuta ile ile.

Mambo mawili usiyafanye kabisa. Usifute safari mwenyewe kabla shirika halijaifuta, ukifuta wewe unaonekana umeghairi kwa hiari na haki zako zinapungua. Na ukiamua kununua tiketi nyingine ya kwenda, waambie wazi wahifadhi ya kurudi, kwa sababu usipopanda kipande cha kwanza mfumo unafuta vyote vilivyobaki. Hili linawakuta sana wanaounganisha tiketi mbili tofauti, Mwanza hadi Dar kwa shirika moja na Dar kwenda nje kwa lingine, la kwanza likifuta, la pili linahesabu kwamba hukutokea, na halidaiwi kitu.

Haki zinategemea unapita wapi. Ukiondoka nchi ya Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au ukienda huko kwa shirika la Ulaya, mfano KLM kutoka Dar, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inakupa uchague kurudishiwa nauli au kusafirishwa mapema inavyowezekana, pamoja na chakula na malazi unaposubiri. Fidia ya hadi euro 600 hailipwi kama chanzo ni dhoruba, ila malazi na chakula hayakwepeki. Majivu ya volkano ya Iceland mwaka 2010 yalifuta safari kama 100,000, abiria mmoja wa Ryanair akakwama Faro, Ureno, akajilipia mwenyewe, na mwaka 2013 mahakama ya Ulaya ikasema shirika linadaiwa gharama za lazima na za wastani hata kama ni siku nyingi. Kwa hiyo tunza risiti. Marekani nako, tangu Oktoba 28, 2024, safari ikifutwa na ukakataa mbadala, hela inatakiwa irudi yenyewe bila kuomba, siku saba za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo. Lakini ukishapokea vocha ukasaini, hela ya taslimu ndo basi, kwa hiyo usiichukue kwa uchovu wa saa nane usiku.

Mzigo wako kama ulishaukabidhi haukufuati wenyewe kwenye safari mpya, hasa ukihamia shirika lingine. Waonyeshe kile kipande cha namba ya begi waibadilishe kwenye mfumo, na ukifika bila begi andikisha taarifa pale pale eyapoti kabla hujatoka nje. Begi likichelewa, Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo, unakupa siku 21 tangu ulipolipokea kudai kwa maandishi, likiwa limeharibika ni siku saba tu.