Picha ya "Kisahani" Angani: Wachunguzi Huanza na Umbali

Mei 1950, mkulima mmoja wa karibu na mji wa McMinnville, jimbo la Oregon nchini Marekani, alipiga picha mbili za kitu chenye umbo la sahani kikiwa juu ya shamba lake. Gazeti la mji lilizichapa mwezi uliofuata, kisha jarida la Life likazieneza nchi nzima. Miaka ya 1960 zilifika mikononi mwa William Hartmann, mwanaastronomia wa kamati ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyochunguza taarifa za vitu visivyotambulika angani, iliyoongozwa na Edward Condon na kugharimiwa na Jeshi la Anga la Marekani.

Watu wakiona picha kama hizi huuliza, "Hiki ni nini?" Mchunguzi anataka kwanza kujua kilikuwa umbali gani kutoka kwenye kamera. Kifuniko cha sufuria chenye upana wa sentimita 15 kikining'inia mita 5 mbele ya lenzi, na chombo cha mita 30 kilicho kilomita moja, vitaonekana kwenye picha vikiwa na ukubwa uleule. Na juu ya kitu kile cha McMinnville kulikuwa na nyaya ambazo kingeweza kuning'inizwa.

Hartmann hakuridhika na nakala za magazetini. Alizipata filamu zenyewe akapima weusi na weupe wake. Hewa hutawanya mwanga. Ndiyo maana msafiri wa Segera kwenda Moshi huiona milima ya karibu imekoza na ya mbali imefifia. Upande wa chini wa kisahani ulikuwa mweupe kuliko sehemu yenye kivuli ya tangi la mafuta lililokuwa karibu na kamera. Kwa hesabu hiyo, kitu kilikuwa mbali, kama kilomita 1.3. Ripoti ya kamati, iliyotoka Januari 1969, iliihesabu kesi hii kati ya chache ambazo ushahidi wake wote ulielekea kukubaliana, ingawa haikufuta uwezekano wa picha za kutunga.

Baadaye Robert Sheaffer, mwandishi anayezitilia shaka habari za visahani, akaonyesha kwamba lenzi yenye uchafu nayo hutawanya mwanga, na sehemu ndogo yenye giza iliyozungukwa na anga jeupe hufifia hata ikiwa karibu. Zaidi ya hapo, kulikuwa na vivuli kwenye ukuta wa banda unaotazama mashariki, dalili ya jua la asubuhi, ilhali wenye picha walisema ilikuwa jioni. Hartmann alipoyaona hayo aliubadili msimamo wake. Hadi leo wapo wanaozitetea picha hizo, lakini kwangu mimi hapo ndipo uchunguzi ulipofanywa kwa uaminifu kuliko popote.

Jeshi la Anga lenyewe lilikusanya taarifa 12,618 za vitu vilivyoonekana angani kati ya 1947 na 1969, na 701 zilibaki bila kutambuliwa. Hizo 701 hunukuliwa sana kama ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine. Sivyo. Kutotambua kitu ni kutokitambua tu.

Suala la umbali lilijirudia mwaka 2023, jopo la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilipopitia video ya ndege ya kivita inayoonyesha kitu kikichapuka juu ya bahari. Kwa kutumia tarakimu zilizoandikwa kwenye video ileile, walikuta kitu kiko juu sana, kama futi 13,000, kikienda takriban kilomita 64 kwa saa, mwendo wa upepo wa huko juu. Kasi iliyoonekana ilitokana zaidi na mwendo wa ndege yenyewe.

Kwa hiyo ukiona kitu angani usikivute kikajaza skrini. Acha paa, mti au nguzo ionekane kwenye picha, piga kadhaa, kisha andika saa na upande uliokuwa umeelekea. Ikiwa ni nukta nyingi za mwanga zilizojipanga mstari mmoja muda mfupi baada ya magharibi, huenda ni satelaiti za intaneti za Starlink. Ukitaka mtaalamu aichunguze, mtumie faili halisi kama dokumenti, kwa sababu picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za kamera na saa hupotea humo.