Sekunde moja ya Mikel Landa

Kila Julai, Tour de France ikianza, naulizwa swali lile lile: inakuwaje mtu atwae jezi ya njano, ile ya kinara wa mbio nzima, wakati hatua zote, yaani mbio za kila siku, wameshinda wengine? Mimi ni mwamuzi wa mbio za baiskeli na kituo changu ni mstari wa kumalizia, kwa hiyo kulijibu ndiyo kazi yangu. Nitalijibu kwa Tour ya 2017, maana karibu kila jambo linalowachanganya watazamaji lilitokea mwaka ule.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alitwaa Tour yake ya nne bila kushinda hatua hata moja kati ya 21. Mjerumani Marcel Kittel alishinda tano, na kwenye msimamo wa jumla hakuwa tishio kwa yeyote. Mbio hizi ni za kujumlisha muda. Saa ulizotumia leo zinaongezwa kwenye za jana, na mwisho wa wiki tatu mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Froome alitumia saa 86, dakika 20 na sekunde 55. Rigoberto Urán wa Colombia alikuwa wa pili, nyuma kwa sekunde 54. Jezi nyingine zipo, ya kijani kwa pointi, ya madoa mekundu kwa milima, nyeupe kwa kijana bora, lakini leo naongelea saa tu.

Muda wenyewe tunaupataje? Chukua hatua ya 7, iliyomalizikia Nuits-Saint-Georges. Kittel na Edvald Boasson Hagen wa Norway walivuka mstari kwa pamoja, na kwa macho hakuna binadamu ambaye angeweza kuwatenganisha. Kamera ya mstarini haipigi picha ya barabara nzima. Inatazama ufa mwembamba tu, pale ulipo mstari, na kuunganisha vipande maelfu kwa sekunde moja mpaka vitoke picha moja ndefu. Mwamuzi anasogeza uzi wa wima kwenye kioo cha kompyuta mpaka uguse ukingo wa mbele wa tairi la mbele. Si kichwa, si mkono ulioinuliwa: ni tairi. Kittel alishinda kwa milimita chache.

Sasa angalia ajabu yake. Kwenye hesabu ya jumla wawili hao waliandikiwa muda uleule, pamoja na kundi zima lililowafuata. Kanuni inasema wanaofika wakiwa kundi moja wanapewa muda wa wa kwanza wao. Ili tuanze kuhesabu upya lazima liwepo pengo, linalopimwa kutoka tairi la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi la mbele hadi tairi la mbele la anayefuata. Kwa kawaida sekunde moja inatosha kuwatenga, na kwenye hatua tambarare zinazomalizika kwa kundi kukimbizana kwa kasi hadi mstarini zinaweza kutakiwa tatu. Pia kuna kinga ya kilomita za mwisho, kwa kawaida tatu: ukianguka au baiskeli ikiharibika hapo, kwenye hatua isiyomalizikia mlimani, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Nazipenda sana kanuni hizi. Bila hizo, watu zaidi ya mia moja na sabini wangegombania kila sentimita kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, na tungekuwa tunaokota majeruhi kila jioni.

Ndani ya kundi ndipo akiba inapowekwa. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli barabarani ni upepo, na anayekaa nyuma ya mwenzake anaokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo timu ya watu tisa (siku hizi ni wanane) ina kiongozi mmoja, na waliobaki kazi yao ni kumkinga. Julai 16, kwenye hatua ya 15 kuelekea Le Puy-en-Velay, gurudumu la nyuma la Froome liliharibika wakati timu ya AG2R ya Mfaransa Romain Bardet ikikaza mwendo mbele. Michał Kwiatkowski, mwenzake wa timu na bingwa wa dunia wa 2014, alisimama, akachomoa gurudumu lake la nyuma na kumpa. Kisha kwenye mlima wa Peyra Taillade, Mikel Landa, naye wa timu ya Froome, aliyekuwa mbele na viongozi na mwenye uwezo wa kupanda jukwaani pa watatu bora yeye mwenyewe, alirudi nyuma kumvuta Froome hadi akawakuta. Sikuona pigo lolote la mwaka ule lililokuwa na uzito kuliko kurudi kule.

Na hesabu ya Landa ndiyo inayoniuma mpaka leo. Watatu wa kwanza kwenye hatua ya kawaida hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4 kwenye jumla yao, na punguzo hilo ndilo bonasi. Julai 20, juu ya mlima wa Izoard, Bardet alimtangulia Froome kuvuka mstari na kushika nafasi ya tatu: sekunde nne. Siku mbili baadaye huko Marseille kila mtu alikimbia peke yake dhidi ya saa, kilomita 22.5, hakuna mgongo wa kujificha. Kabla ya kuanza, Bardet alikuwa nyuma ya Froome kwa sekunde 23, Landa kwa dakika 1 na sekunde 36. Bardet alipoteza karibu dakika mbili. Alimaliza Tour akiwa wa tatu kwa dakika 2 na sekunde 20. Landa wa nne kwa 2 na 21. Ziondoe zile nne za Izoard, na anayepanda jukwaani Paris ni Landa. Wapo wanaotaka bonasi zifutwe. Mimi nazitetea, kwa sababu Bardet alizikimbilia waziwazi, akiwa amechoka kama wengine.

Upande wa pili wa orodha kuna saa nyingine, kali zaidi. Kila hatua ina kikomo, asilimia ya muda wa mshindi kulingana na ugumu wa njia na kasi ya siku. Arnaud Démare alishinda hatua ya 4 huko Vittel. Siku tano baadaye, kwenye milima ya kuelekea Chambéry, alichelewa kikomo na kutolewa, pamoja na wenzake watatu wa timu yake ya FDJ waliobaki naye kumtia moyo. Timu ikapungukiwa watu wanne kwa jioni moja.

Tour du Rwanda inahesabiwa kwa utaratibu huohuo, na kwa jicho la mwamuzi ni ngumu zaidi, kwa sababu vilima vya Kigali havimpi mtu nafasi ya kujificha. Kwenye mawe ya Kwa Mutwe, pale Nyamirambo, kundi hukatika vipande vipande, na kila kipande kina muda wake. Ukiitazama, usimfuate anayeongoza tu. Tafuta mwenye jezi ya njano alipo, hesabu amebaki na wenzake wangapi, kisha anza kuhesabu sekunde tangu tairi la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi la mbele lipite.