Binamu, Ndugu na Shemeji: Nani Alikuwa Nani mwaka 1914

Kila inapotajwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iwe redioni au vijiweni, hakosi mtu wa kusema kwamba vita vile vilikuwa ugomvi wa mabinamu watatu: George V wa Uingereza, Wilhelm II wa Ujerumani na Nicholas II wa Urusi. Juzi nimeyasikia tena maneno hayo, na safari hii msemaji aliongeza kuwa wote watatu ni wajukuu wa Malkia Victoria. Wajukuu walikuwa wawili tu, George na Wilhelm. Nicholas aliingia katika ukoo ule kwa mlango wa ndoa. Lakini kosa hilo ni dogo. Linalonikera ni neno lenyewe.

Binamu, kwa matumizi ya wengi wetu, ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa baba mdogo au baba mkubwa ni ndugu, na mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa ni ndugu vilevile. Unamwita kaka au dada na habari inaishia hapo.

Asili ya neno ina kioja chake. Limetoka katika Kiarabu, ambako *ibn* ni mwana na *amm* ni ndugu wa kiume wa baba, yule ambaye watu wa pwani humwita ami au amu. Kwa asili, basi, binamu ni mtoto wa baba mdogo au baba mkubwa, yaani mtu yuleyule ambaye nyumba nyingi za bara hazikubali kabisa aitwe hivyo. Wapo watu wa pwani ambao bado wanalitumia kwa mapana, mtoto wa ami wakamwita binamu na hata kumwoa, nami sina ugomvi nao, kwa kuwa wao ndio walio karibu zaidi na chimbuko. Ugomvi wangu ni na tafsiri ya kivivu ya neno la Kiingereza *cousin*. Neno hilo, lililofika Uingereza kupitia Kifaransa, linatokana na *consobrinus* ya Kilatini, ambayo hapo mwanzo ilimhusu mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa, maana ndani yake limejificha neno *soror*, yaani dada. Ajabu ni kwamba maneno yote mawili, la Waarabu na la Walatini, yalianza kwa kumtaja mtu ambaye sisi tunamwita ndugu. Baadaye *cousin* likapanuka likafunika kila jamaa wa pembeni, wa kuumeni na wa kukeni, wa karibu na wa mbali, hata wafalme wa Ufaransa wakawa wanawaandikia majemadari wao wakuu kwa jina hilo pasipo chembe ya udugu wa damu. Anayelitafsiri kuwa binamu kila anapolikuta anafuta njia ambayo Kiswahili kingetuonyesha waziwazi.

Tuwachukue George na Nicholas. Mama zao, Alexandra na Dagmar, walikuwa mabinti wa Mfalme Christian IX wa Denmark, na Alexandra ndiye mkubwa. Kwa hiyo Dagmar ni mama mdogo wa George, na Nicholas ni ndugu yake. Ipo picha yao waliyopigwa Berlin mwaka 1913, walipokwenda kwenye harusi ya binti wa Wilhelm: wamesimama bega kwa bega ndani ya sare za jeshi la Kijerumani, ndevu zimechongwa kwa mtindo mmoja, macho yaleyale, na asiyewajua angeapa kwamba ni mapacha. Picha ile ikitiwa maelezo yanayosema "mabinamu", naona Kiswahili kimeonewa.

George na Wilhelm ni jambo jingine. Baba wa George, Edward VII, na mama wa Wilhelm, aliyeitwa Victoria kama mama yake, walikuwa kaka na dada. Wilhelm ni mtoto wa shangazi, George ni mtoto wa mjomba, na hapo neno binamu limekaa mahali pake. Limekaa vizuri zaidi kwa bibi yao: Malkia Victoria aliolewa mwaka 1840 na Albert, mtoto wa mjomba wake, na wahenga wetu waliosema binamu nyama ya hamu wangeitambua harusi ile mara moja. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, 1819, yeye Uingereza na Albert Ujerumani, wakapokewa na mkunga mmoja.

Wamebaki Wilhelm na Nicholas, ambao ndio hasa walioanza kupigana. Kwa damu walikuwa mbali: wote wawili ni vilembwe wa Paul I wa Urusi. Ukaribu wao uliletwa na Alix, mke wa Nicholas, kwa kuwa mama yake, Alice, na mama wa Wilhelm walizaliwa tumbo moja. Alix ni dada yake Wilhelm, na mume wa dada ni shemeji. Mwishoni mwa Julai 1914 mashemeji hao waliandikiana simu za maandishi kwa Kiingereza wakitumia majina ya nyumbani, Willy na Nicky, na Wilhelm akajitia sahihi kuwa rafiki na *cousin* wa mwenzake. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi. Mfasiri wa simu ile angeandika "rafiki yako na shemeji yako", msomaji wa Kiswahili angeelewa papo hapo kwamba kuna mwanamke katikati, na kwamba mwanamke huyo ni wa kwao Wilhelm.

Na kwa wanaosimulia kuwa Victoria alimpa "binamu yake Kaiser" mlima Kilimanjaro: Wilhelm alikuwa mjukuu wake kwa binti yake mkubwa, na Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kugawana eneo lile mwaka 1886, Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, alikuwa bado babu mzaa baba wa Wilhelm.