Je, wajua kwa nini mimba iliyoharibika huua zaidi pale sheria inapokataza kutoa mimba?

Mwanamke anafikishwa hospitali usiku, dada yake kamshika kiunoni, nguo imelowa damu mpaka magotini. Muuguzi anauliza: "Imetoka yenyewe, au kuna kitu ulitumia?" Anajibu bila kuinua macho: "Imetoka yenyewe."

Mara nyingi jibu hilo halibadilishi matibabu hata kidogo. Mimba changa ikitoka yenyewe, au ikitolewa kwa vidonge vya kumeza, dalili ni zilezile: damu, mabonge, tumbo la chini kukaza. Daktari akimpima hawezi kuzitofautisha. Atazuia damu, atatoa dawa, atasafisha kizazi. Jibu huwa na uzito pale kilipoingizwa kijiti au waya, au kemikali ilipotumika, kwa sababu hapo kizazi kinaweza kuwa kimetoboka na utumbo umeguswa. Na huyo aliyeumia namna hiyo, kwenye nchi inayofunga watu kwa kosa hili, ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuficha.

Sasa iweje jambo linalotibika liue? Anayeua hasa ni kuchelewa.

Mimba inapoharibika, shingo ya kizazi hufunguka. Bakteria wanaoishi ukeni bila kumdhuru mtu hupata njia ya kupanda juu. Kikibaki kipande cha kondo ndani, kipande hicho hakipati tena damu, kwa hiyo dawa na kinga ya mwili hazikifikii vizuri, na bakteria huzaliana humo. Wakishaingia kwenye damu, joto hupanda, moyo huenda mbio, mishipa hulegea na kuvuja, presha hushuka, figo huacha kutoa mkojo. Mtu aliyekuwa akiongea asubuhi, jioni anaweza asimtambue mumewe. Antibayotiki peke yake haitoshi. Kilichobaki ndani lazima kitoke. Kwa mimba changa kazi hiyo hufanywa kwa bomba dogo la mkono linalofyonza, dakika chache tu, tena bila kuhitaji chumba kikubwa cha upasuaji. Dakika chache! Ndiyo maana kila kifo cha aina hii kinaniuma.

Mwanamke huchelewa kwa sababu anaogopa polisi, au anaogopa jirani atakayemwona akiingia hospitali. Hilo watu wengi wanalielewa. Wasilolielewa ni kwamba daktari naye huchelewa.

Sheria nyingi zinazokataza kutoa mimba huacha mlango mmoja wazi: kuokoa maisha ya mama. Mezani inasomeka vizuri. Lakini wodini, saa nane za usiku, daktari anajiuliza: je, huyu ameshakaribia kufa kiasi cha kutosha? Akiitoa mimba mapema, moyo wa mtoto ukiwa bado unapiga, anaweza kushtakiwa. Akisubiri hatari iwe dhahiri, maambukizi yameshatangulia, kwa maana hayana mstari unaoonekana yanapouvuka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Savita Halappanavar, daktari wa meno wa miaka 31 aliyekuwa akiishi Galway, Ireland. Oktoba 2012 mimba yake ya wiki 17 ilianza kuharibika na chupa ikapasuka. Ilijulikana kwamba mtoto hawezi kupona. Aliomba mimba itolewe, akakataliwa kwa kuwa moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga. Alifariki tarehe 28 Oktoba kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini. Mwaka 2018 wananchi wa Ireland walipiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 66 wakakubali kuiondoa marufuku hiyo kwenye katiba.

Wapo wanaosema kwamba pamoja na machungu hayo, marufuku angalau huzuia mimba kutolewa. Romania ilijaribu jambo hilo kwa miaka 23. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri ya 770, ikakataza kutoa mimba isipokuwa kwa wachache. Mwaka uliofuata vizazi vilikaribia kuongezeka maradufu. Kisha vikaanza kushuka tena, kwa maana wanawake walishapata njia za kificho. Kilichoendelea kupanda ni vifo vya akina mama: kufikia 1989 vilikuwa takriban 170 kwa kila vizazi hai 100,000, na vingi mno kati yake vilitokana na kutoa mimba. Amri ilifutwa Desemba 1989. Ndani ya mwaka mmoja vifo vilishuka kwa karibu nusu, madaktari walewale, hospitali zilezile.

Na si Romania ya zamani tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mimba milioni 73 hivi hutolewa kila mwaka duniani, na takriban asilimia 45 kati yake hutolewa kwa njia zisizo salama.

El Salvador, yenye marufuku kamili tangu 1998, inaonyesha hofu hii inafika wapi. Mwanamke anayetajwa mahakamani kwa jina la Manuela alipoteza mimba mwaka 2008, akaenda hospitali kutafuta tiba, na waliomtibu ndio waliomripoti. Alifungwa pingu kitandani, akahukumiwa miaka 30 jela, akafa kwa saratani mwaka 2010 akiwa bado mfungwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ilikosea, ikiwemo kwa kuivunja siri ya mgonjwa.

Siri hiyohiyo ndiyo iliyookoa watu Uruguay. Miaka kadhaa kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2012, madaktari wa Montevideo waliwaambia wanawake: hatuwezi kukutoa mimba, lakini njoo kabla tukueleze hatari, na urudi baadaye tukuangalie, hatutamwambia mtu. Walirudi mapema, na vifo vikapungua sana.

Katika nchi nyingi zinazokataza kutoa mimba, kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeshaharibika si kosa. Joto la nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yasiyotulia, kuzimia, au pedi kubwa mbili kulowa ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, ni hospitali saa hiyohiyo. Kama kuna kitu kiliingizwa au kemikali ilitumika, anayetibu anahitaji kujua. Kama ni vidonge vilivyomezwa, matibabu ni yaleyale ya mimba iliyotoka yenyewe.