Onyo la ardhi ni nini ndege inapoteremka kutua?

Rubani anayekaribia Dar es Salaam, kipimo chake cha mwinuko kikisoma futi 4,000, bado yuko juu sana, kwa sababu uwanja ule haufiki hata futi 200 juu ya bahari. Namba hiyo hiyo ikisomeka anapotua Dodoma, amebakiza kama futi 300 kugusa lami, yaani mita 100 hivi. Kipimo hakijakosea popote. Dodoma yenyewe ndiyo iliyokaa juu, karibu futi 3,700, na kipimo hicho huhesabu kuanzia usawa wa bahari, si kuanzia kwenye udongo ulio chini ya tumbo la ndege.

Onyo la ardhi liliwekwa kwa ajili ya pengo hilo. Ni tahadhari inayotolewa na chombo kilichomo ndani ya ndege, kwa sauti na kwa taa, kinapotambua kwamba ndege na ardhi vinakaribiana kuliko inavyostahili. Ardhi hapa ni mlima, kilima, ukingo wa bonde, hata uwanda mtupu. Sauti hutoka kwa Kiingereza, na maana yake ni "Ardhi! Ardhi!" Hatari ikizidi, tahadhari inageuka amri: "Vuta juu!"

Wengi tukisikia ndege imeanguka tunawaza injini iliyozima au bawa lililovunjika. Onyo hili linahusu ajali ya aina nyingine, na kwangu ndiyo inayouma zaidi: ndege ni nzima, injini zinanguruma vizuri, rubani ameshika usukani, ila hajui kwamba mbele yake kuna mlima. Mara nyingi ni usiku, au wingu limefunga, na ndege iko katika kuteremka. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA ikishuka kuelekea uwanja wa Dulles, karibu na Washington, iliteremka mapema mno ikagonga Mount Weather. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Baada ya hapo Marekani iliagiza ndege kubwa za abiria zifungwe chombo cha kuonya.

Chombo cha kwanza kilitegemea redio. Ndege hutuma mawimbi chini, yanagonga ardhi na kurudi, na muda wa kurudi hutoa umbali halisi hadi kwenye udongo. Kazi hiyo hufanyika ndege ikiwa ndani ya futi 2,500 hivi kutoka ardhini. Uzuri wake ni kwamba haidanganywi na hali ya hewa. Kipimo cha kawaida hutegemea mgandamizo wa hewa, na rubani lazima akirekebishe kwa namba anayopewa na mnara wa kuongozea ndege. Akikosea hektopaskali 10 tu (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa), mwinuko unaosomeka unapotoka kwa karibu futi 300. Rudi kwenye mfano wa Dodoma hapo juu, uone futi 300 zina maana gani.

Lakini mawimbi yale yalitazama chini tu. Chombo kilikisia kwamba mbele kuna mlima kwa kuona ardhi ya chini inapanda. Ardhi ikipanda taratibu, onyo linawahi. Sasa fikiria nchi yetu hii ya Ugogo: uwanda umenyooka, halafu ghafla jiwe limesimama peke yake, kama Mlima Simba pale Dodoma mjini. Kwa umbo la namna hiyo chombo cha zamani kingenyamaza hadi jiwe lenyewe lifike chini ya ndege. Ni kama mtu anayetembea gizani akipapasa kwa fimbo: fimbo inamwonyesha anapokanyaga, haimwonyeshi ukuta ulio hatua kumi mbele.

Mhandisi mzaliwa wa Kanada, Don Bateman, ambaye alikuwa nyuma ya chombo hicho cha kwanza, ndiye aliyeongoza pia kukipa macho ya mbele. Dawa yake ilikuwa ramani. Miinuko ya dunia iliingizwa kwenye kompyuta ya ndege, na sehemu kubwa ya data hiyo ilitoka kwenye ramani za Kisovieti zilizopatikana baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Setilaiti inaiambia ndege ilipo, kompyuta inalinganisha njia yake na ramani, na onyo la kwanza linaweza kutoka karibu dakika nzima kabla ya kugonga. Amri ya kuvuta juu hufuata ikibaki kama nusu dakika.

Nusu dakika inaonekana ndogo. Desemba 1995, ndege ya American Airlines iliyokuwa ikiteremkia Cali, Colombia, ilikuwa na chombo cha zamani, na onyo lilitoka sekunde 12 hivi kabla ya kugonga mlima. Marubani walivuta juu kweli, lakini breki za hewa, yaani vibao vya juu ya mabawa vinavyopunguza mwendo, zilikuwa bado zimenyanyuliwa. Walikufa watu 159.

Kwa hiyo mafunzo ya leo hayaachi nafasi ya mjadala usiku au ndani ya wingu. Ukisikia amri, unavuta pua juu, unatia injini nguvu zote, unanyoosha mabawa, unakunja breki za hewa, unapanda. Maswali baadaye. Abiria atasikia injini zimenguruma ghafla na mwili umebanwa kwenye kiti.

Hapo mtu makini atauliza: kutua si ndiko kuikaribia ardhi? Mbona chombo hakipigi kelele kila siku? Kwa sababu kumbukumbu yake ina viwanja pia. Kinajua njia ya kutua ndege ilipo, na kinaruhusu ndege ishuke kuielekea, mradi haishuki kwa kasi mno na magurudumu yametoka. Uwanja usiokuwamo kwenye kumbukumbu kwake ni ardhi tupu. Ndivyo ilivyokuwa Smolensk, Urusi, tarehe 10 Aprili 2010. Uwanja ule haukuwamo, na onyo lilirudia na kurudia huku ndege ya rais wa Poland ikiendelea kushuka ndani ya ukungu. Walikufa watu 96, rais akiwa mmoja wao. Safari hiyo ardhi ilikuwa kweli iko karibu mno.

Ndiyo maana uwanja mpya kama ule wa Msalato, kaskazini mwa jiji letu, haukamiliki kwa lami, taa na jengo la abiria peke yake. Mahali ilipo njia yake, urefu wake na mwinuko wake lazima viwemo kwenye kumbukumbu ya kila ndege ya abiria inayokwenda kutua pale, ili sauti ile ikisikika rubani asiwe na sababu hata moja ya kuipuuza.